Sahihi ya Mzazi

Karatasi ina kanuni ishirini na tatu.
Nilizisoma zote Januari, kwenye benchi la ofisi,
karo nimeifunga kwenye pindo la leso.
Nywele zisizidi urefu wa kucha.
Sketi ifunike goti, hata mtoto akirefuka katikati ya muhula.
Simu ikishikwa hurudishwa Desemba.
Geti hufungwa saa kumi na mbili na nusu,
si na dakika moja.
Mzazi atie sahihi kila siku kwenye daftari
kuwa ameiona kazi ya mwanawe.

Kila siku? nikauliza.
Karani akanisukumia kalamu:
Hapo chini, mama, kwenye nukta nukta.
Mbeyu, nikaandika. Mkia wa y ukateleza hadi ukingoni.

Mimi hufunga mikate usiku, Changamwe,
kiwanda hakina dirisha, asubuhi huijua kwa adhana.
Nikifika Mikindani, Nyevu yuwapiga pasi shati
kwa sufuria ya makaa, maana tokeni zimekwisha.
Shikamoo. Marahaba. Ushakunywa chai?
Nampa mkate uliopasuka, ule usiouzika,
naye ananiachia kitanda kingali na joto lake.
Daftari nalitia sahihi nimeegemea mlango,
nusu ya jina imeshasinzia,
na unga ulioshinda sabuni
unabaki kwenye ukurasa, alama ya dole gumba.

Juni ukaja ujumbe: Mzazi afike Jumanne saa mbili,
bila kukosa.

Bi Mkamburi, naibu, hana maneno mengi.
Alifungua daftari, akalizungusha linielekee.
Mama Nyevu, hizi ni zako?

Nikatazama. Lilikuwa jina langu, tena limependeza,
limenyooka juu ya mstari kama mtu aliyelala usiku.
Nikarudi nyuma, Machi, Februari:
kila ukurasa una weupe wangu pembeni.
Nikaja mbele tena.
Kurasa kumi na moja hazina unga.

Ningeweza kusema ndiyo. Mdomo ulishafunguka.
Nyevu alisimama kando ya kabati la vikombe
akivitazama viatu vyake,
vyeusi, visivyo na kisigino, kanuni ya tisa.

Si zangu, nikasema.

Kwa nini, Nyevu?
Feni ikazunguka, ikazunguka.
Kisha, kwa sauti ya kuazima:
Alikuwa amelala na viatu, mwalimu.

Kughushi ni kanuni ya kumi na nane.
Adhabu imeandikwa: wiki mbili nyumbani.
Bi Mkamburi alivua miwani, akaifuta,
akaivaa, akaivua tena.
Akaandika: siku tatu, kufagia bwalo.
Kanuni ni kanuni, mama.
Ndiyo, mwalimu, nikasema,
na sikuwa na hasira ya kumpa.

Jioni alitoka na vumbi la bwalo kwenye kope.
Tukanunua viazi vya karai njiani,
tukala tukitembea, hakuna anayeanza.
Karibu na reli nikamwambia:
Mkia wa y umeuzidisha. Wangu hauna maringo hayo.
Akacheka.
Kisha akasimama pale pale akalia,
pilipili ya ukwaju mkononi,
hata ya kujifutia hana.

Zamu yangu ilikuwa inaanza saa moja.
Nilichelewa. Wanikate.

Sasa nyuma ya mlango, chini ya ile karatasi ya shule,
ipo nyingine, nimeiandika mwenyewe
kwenye mfuko wa mkate uliopasuliwa.
Ina kanuni moja:
Mama aamshwe.

Na hapo chini, kwenye nukta nukta nilizozichora,
Nyevu ametia sahihi, ya kwake safari hii.
Ndogo, imeinama kidogo.
Ile y ameianza mara mbili,
na bado hajaamua mkia wake uende wapi.